Karamu ya Samaki na Kiti cha Seneta

Kwa watu wa Elvedal, mtu mwenye adabu hakubali kitu anapokaribishwa mara ya kwanza. Mkaribishe kahawa atasema hapana, usijisumbue. Mkaribishe tena atasema aa, nimetoka kunywa sasa hivi. Ya tatu ndiyo atasema haya basi, nusu kikombe tu. Hicho nusu kikombe kitajazwa pomoni, naye atakinywa chote na biskuti nne juu yake. Mgeni asiyejua desturi hii huumia. Alikuja hapa mchuuzi wa mashine za kukamulia ng'ombe, akaulizwa mara moja tu kama atakula, akasema "ndiyo, asante" papo hapo. Mpaka leo tunamtaja kama mtu wa tamaa, ingawa mashine zake zilikuwa nzuri.

Bi Borghild Tveit ndiye aliyekuwa mwamuzi wa mambo hayo. Kwa miaka ishirini na miwili aliongoza jiko lililo chini ya kanisa, na kila Oktoba aliongoza karamu ya lutefisk, yule samaki mkavu anayelowekwa kwenye magadi siku nyingi hadi anakuwa laini na kutetemeka, kisha akachemshwa na kumiminiwa siagi iliyoyeyushwa. Harufu yake hukimbiza hata paka. Watu walikuja kumla kutoka wilaya nne. Walikaa kwenye meza ndefu, na kina mama wakapita na masinia wakipakua, kila mtu akiulizwa mara tatu. Mlaji hakugusa mwiko. Kunyoosha mkono ukajipakulia mwenyewe ilikuwa aibu ambayo watoto wetu walifinywa sikio kwa ajili yake.

Borghild alikuwa mjane wa miaka sitini na mmoja, mfupi, mwenye mikono minene ya kusukuma unga na macho ambayo hayakuamini kitu kwa haraka. Akinunua mayai aliyatazama kwenye mwanga moja moja. Mchungaji akihubiri alimfuatia kwenye Biblia yake kuona kama haruki mstari. Mtu mmoja tu alimwamini bila kumkagua, naye ni Halvor Lunde.

Lunde alianza kuja kwenye karamu akiwa wakili kijana. Alijua kukataa kuliko wote. Mara ya kwanza aliinua viganja viwili na kusema wape wengine kwanza. Mara ya pili alishika tumbo na kusema amekula njiani. Mara ya tatu aliinamisha kichwa kama mtu anayekubali hukumu, akasogeza sahani kidogo tu, upana wa kidole. Kina mama walimpenda hadi wakagombania meza yake. Borghild aliwanyima wote, akaihudumia mwenyewe miaka kumi na moja mfululizo, na Lunde alipogombea ugavana wa jimbo ilionekana ni Elvedal yote inayogombea.

Lakini Borghild hakumpigania kwa ajili ya viganja viwili. Alimpigania kwa ajili ya daraja.

Daraja letu la mbao juu ya mto Vesla lilichukuliwa na barafu ya majira ya kuchipua, na tangu hapo aliyetaka kwenda kwa daktari ng'ambo alizunguka maili kumi na tisa. Vuli ya mwaka uleule, kidole tumbo cha Anton, mumewe Borghild, kilipasuka. Aliwekwa kwenye kiti cha nyuma cha gari na Borghild akaendesha. Maili ya kumi na nne Anton aliacha kulalamika. Borghild aliendelea kuendesha hadi mlangoni kwa daktari kwa sababu hakutaka kugeuka nyuma kutazama.

Kwa hiyo mwaka wa uchaguzi, Lunde alipokaa jikoni kwake na kukubali kahawa kwa mara ya tatu, Borghild alimuuliza kuhusu daraja tu.

"Nitalifungua mimi mwenyewe, Bi Borghild," Lunde alisema. "Nikiwa gavana. Siendi popote kabla ya hapo."

"Miaka yote minne?"

"Yote minne."

Maneno hayo Borghild aliyabeba kwenye nyumba mia moja na kumi na nne, kwa miguu na kwa gari. Nyumba ya mwisho ilikuwa ya wifi yake Alma Skogen, dada wa marehemu Anton, aliyeishi ng'ambo ya mto na mumewe Selmer. Selmer alikuwa mtu mkubwa mwenye pumzi nzito, na hakuwa amepiga kura tangu alipooa.

"Mwanasiasa akikwambia haendi popote," Selmer alisema, "kachungulie nje kama gari lake halijawashwa."

"Shemeji, huyu si mwanasiasa. Huyu ni Halvor."

Selmer alitafuna tumbaku yake kwa muda. "Haya. Nitakwenda kupiga kura. Lakini simpigii yeye. Nakupigia wewe, na likiharibika nitakudai wewe."

Lunde alishinda. Wapimaji walikuja mtoni na vigingi vyenye vitambaa vyekundu, wakavipigilia kingo zote mbili. Borghild alikuwa akienda kuvitazama kila Jumapili baada ya ibada, kama wengine wanavyokwenda makaburini.

Sasa, Februari ya mwaka wa pili wa ugavana, seneta wetu mzee, aliyeliwakilisha jimbo letu bungeni, alianguka huko Washington akifunga kamba za viatu na hakuamka. Seneta akifa, sheria yetu humpa gavana kazi ya kumteua mtu wa kukalia kile kiti hadi uchaguzi unaofuata, na uchaguzi ulikuwa Novemba. Maziko hayajafanyika, waandishi wa habari wakamuuliza Lunde kama anakitaka yeye.

"Mimi?" alisema kwenye redio, na sauti yake ilikuwa na tabasamu. "Hapana, jamani. Nina kazi hapa."

Alma alikuwa amevuka mto kwa miguu juu ya barafu, wako jikoni kwa Borghild wakisukuma mikate myembamba ya viazi.

"Umemsikia?" Alma alisema. "Amekataa."

"Amekataaje?"

"Amesema hapana, wewe nawe!"

"Amesema kwanza 'mimi?'," Borghild alisema, akarudi kwenye unga wake. Machale yalikuwa yameanza kumcheza.

Alhamisi, Alma akiwa palepale jikoni tena, waandishi waliuliza mara ya pili. Lunde akajibu kwamba wapo watu wengi wanaofaa kuliko yeye, na tayari amebeba mzigo wa kumtosha. Borghild aliuweka mti wa kusukumia chini.

"Hiyo ya pili," alisema.

"Ya pili ya nini?"

"Anakataa kama anavyokataa kahawa yangu, Alma. Mtu asiyetaka hakatai vizuri hivyo."

Alma alicheka. Akasema wifi yake amezeeka vibaya, sasa anakagua hata hapana za watu kwenye mwanga kama mayai. Borghild hakucheka. Kilichomtatiza ni kwamba mtu hawezi kukataa mara tatu bila wa kumkaribisha, na yeye hakusikia hata mtu mmoja aliyemkaribisha Lunde kwenye kile kiti. Alijiuliza huyo mwenye kukaribisha atatoka wapi.

Jibu lilikuja Ijumaa kwa simu. Nyumba nane za pande zetu zilikuwa kwenye laini moja. Kila nyumba ilikuwa na mlio wake, na mlio wa Borghild ulikuwa mirefu miwili na mfupi mmoja. Ukilia, nyumba saba zilijua si wao wanaotafutwa, na nyumba saba ziliinua mkonga polepole. Wote tulisikiliza na hakuna aliyewahi kukiri. Hiyo nayo ni adabu yetu.

"Bi Tveit? Mimi Crane, ofisi ya gavana. Gavana anakusalimu sana. Anauliza habari za samaki."

"Samaki ni Oktoba," Borghild alisema. Tik, laini ikalia. Nyumba ya kwanza hiyo. Tik, tik. Kisha pumzi nzito.

Crane alikuwa mtu wa mji mkuu, mwenye maneno ya haraka. Alisema telegramu zinamiminika kutoka jimbo zima zikimsihi gavana akubali kwenda Washington, na ingependeza sana moja itoke Elvedal, kwa kina mama wa kanisa. "Si kwamba ameomba," alisema. "Hajui hata kwamba nimepiga."

"Hajui?"

"Hajui kabisa, Bi Tveit."

"Basi habari za samaki aliniulizia saa ngapi?"

Kisha Crane alicheka, akasema Bi Tveit ni mkali kama anavyosifiwa, na je, ataituma?

"Tutaona," Borghild alisema.

Hapa kwetu hakuna hapana nzito kuliko hiyo. Mtoto akiomba baiskeli akaambiwa tutaona, huenda kulia zizini. Lakini Crane hakulelewa hapa, na nadhani alikata simu akaandika ndiyo.

Hapo ndipo Borghild alipofanya kosa, na ni kosa la mtu wa kwetu. Mtu wa kwingine angekaa kimya, au angempigia Lunde na kumwambia kavukavu, usiende, ulituahidi. Yeye alilala na jambo lile, akaona kukaa kimya ni utovu wa adabu na kusema kavu ni utovu zaidi. Jumamosi asubuhi akaenda stesheni na kumwandikisha karani telegramu hii: KAZI ULIYOIANZA HAPA HAIJAISHA. TUNAKUAMINI. Aliona amesema yote. Nakala aliitia ndani ya Biblia.

Jumatatu saa nne asubuhi Lunde alijiuzulu ugavana. Saa nne na robo naibu wake, Vernon Stitt, mtu wa miji ya kusini, alikula kiapo na kuwa gavana. Kabla kahawa ya Stitt haijapoa alikuwa ametia sahihi yake ya kwanza, na sahihi hiyo ilimteua Halvor Lunde kuwa seneta. Kwa mkono wake mwenyewe Lunde asingethubutu kuliandika jina lake, watu wangemcheka. Alimpa mwenzake kalamu na kiti, akasimama mbele yake na kupokea alichokwisha kujitengea. Mambo yote yalichukua nusu saa. Stitt, kwa malipo ya hisani hiyo, akabaki na jimbo.

Kisha Lunde akaja redioni.

"Mnanijua," alisema. "Nilikataa mara ya kwanza. Nilikataa mara ya pili. Lakini mlinisihi. Bi Borghild Tveit wa Elvedal, mwanamke ambaye amenilisha miaka kumi na moja, aliniandikia neno moja: tunakuamini. Mtu kama huyo ningemwambiaje hapana?"

Borghild alikuwa amesimama katikati ya jiko. Alisikia joto likipanda kutoka shingoni hadi kwenye mizizi ya nywele. Aliona haya, haya kama ya mtu aliyevuliwa nguo sokoni, na chini ya ile haya kulikuwa na hasira ambayo hakuwa nayo hata alipomzika Anton. Yule mtu alikuwa ameikata telegramu yake vipande viwili na kula nusu tamu. Akakumbuka pia ile pumzi nzito kwenye laini, na kwamba nyumba saba zilimsikia akiombwa kutuma, na sasa jimbo zima limesikia kwamba ametuma.

Hakuna aliyemuuliza. Nani angemuuliza? Kumuuliza ni kukiri kwamba ulikuwa umeinua mkonga. Naye hakuweza kujieleza, kwa sababu mtu hujieleza akishaulizwa. Mtu anayezunguka na karatasi mkononi akijitetea amekwisha kujihukumu. Basi ile nakala ikabaki ndani ya Biblia, na maneno yakatembea bila yeye. Wengine walisema alijua tangu mwanzo, na wengine kwamba ameahidiwa kitu. Wapo waliosema hata daraja lilikuwa chambo, na kwamba Borghild ndiye aliyeshika mshipi.

Hayo hakuyasikia kwa masikio. Aliyaona kwenye vikombe. Watu waliokuja kwake, na wakapungua, waliulizwa kahawa wakakataa mara ya kwanza, wakakataa ya pili, na ya tatu wakakataa pia. Jumapili moja ya Machi Alma alikataa mara ya tatu. Wifi yake mwenyewe, kwenye kiti alichokuwa akikalia Anton. Borghild alibaki ameshika birika, hajui aliweke wapi.

"Alma," alisema, "una nini?"

"Sina kitu," Alma alisema, akifunga kitambaa cha kichwa. "Barafu inaanza kulainika, nivuke mapema."

Aprili barua ilikuja kutoka ofisi ya Gavana Stitt kwamba ujenzi wa daraja la Vesla umeahirishwa. Tulisoma gazetini kwamba kusini wanapata barabara mpya. Mafuriko ya mwezi huohuo yaling'oa vile vigingi vyenye vitambaa vyekundu.

Mei likaja jambo kubwa zaidi. Treni ilishusha sanduku lenye jina la Borghild, na ndani yake mlikuwa na dumu la kahawa la kuchemshia kwa umeme, la kung'aa, la vikombe mia. Kibao cha shaba kiliandikwa: Kwa kina mama wa Elvedal, kutoka kwa Seneta Lunde. Borghild alilipeleka kanisani kwa sababu halikuwa lake, na kina mama walilizunguka bila kuligusa.

"Zuri," mmoja alisema.

"Zuri sana," mwingine alisema, na wote wakamtazama Borghild kwa jicho la pembeni. Alilisukuma hadi chumba cha makaa ya mawe na kulifunika gunia.

Selmer alimkuta dukani akinunua chumvi. Alivua kofia, jambo ambalo hakulifanya kwa mtu aliyemzoea.

"Shemeji, naona laini yako na Washington ni nzima."

"Una jambo, Selmer? Liseme."

"Mimi? Nitakuwa na jambo gani?" Akavaa kofia yake. "Niliwahi kukwambia nitadai kwa nani. Basi." Akatoka kuzunguka maili zake kumi na tisa.

Majira yote ya joto Borghild alipika kidogo na kuwaza sana. Hakuwaza tena kuhusu Lunde, huyo alikwisha kumwelewa. Aliwaza kuhusu nyumba mia moja na kumi na nne. Aliingia katika kila moja na neno la mtu mwingine mdomoni, akasema ni lake, na sasa jina lake lilikuwa halinunui hata kikombe cha kahawa. Hakuona njia ya kulirudisha.

Wiki moja kabla ya karamu, simu ikalia, mirefu miwili na mfupi mmoja. Alikuwa Crane tena. Seneta anagombea Novemba, alisema, kiti alichopewa sasa anataka kukishinda kwa kura. Atakuja kwenye karamu na mpiga picha wa gazeti, na angependa ahudumiwe na Bi Tveit mwenyewe. "Anasema hakuna anayejua kusisitiza kama wewe."

Tik, tik, tik. Safari hii zililia zote saba.

"Tutaona," Borghild alisema. Ile pumzi nzito kwenye laini ilisita ghafla, kama ya mtu aliyekumbuka kitu.

Jumamosi ya karamu ilikuwa na jua na upepo mkali. Saa kumi alasiri ukumbi wa chini ya kanisa ulijaa, watu mia tatu, na wengine kwenye ngazi wakisubiri zamu. Madirisha yalilowa mvuke. Seneta Lunde alikaa kwenye meza ya katikati, amenenepa kidogo, anashika mikono ya kila mtu. Crane alisimama nyuma yake na mpiga picha. Kushoto kwake, kwa bahati au kwa ujanja wa mtu, nafasi ilimwangukia Selmer.

Jikoni Alma alikuwa na bakuli la viazi. "Utamhudumia?" aliuliza, na macho yake yalikuwa yamekwisha kujijibu.

"Mgeni anahudumiwa," Borghild alisema, akainua sinia la samaki.

Ukumbi ulipunguza sauti alipotokea, watu wakajifanya wanatafuta chumvi. Alikwenda moja kwa moja hadi kwa seneta, akainamisha sinia.

"Samaki, Halvor?"

Lunde aliinua viganja viwili. Alikuwa amegeuza uso kidogo upande wa kamera. "Aa, Bi Borghild! Hapana, hapana. Wape wengine kwanza."

"Haya," Borghild alisema.

Akahamia kwa Selmer.

Taa ya mpiga picha iliwaka, ikapiga picha ya mtu anayetabasamu juu ya sahani tupu. Lunde alikuwa bado ameinua viganja. Alikuwa akisubiri.

"Samaki, shemeji?"

Selmer alimtazama. "Aa, nimeshiba," alisema polepole.

"Kipande kidogo."

"Usijisumbue."

"Kidogo tu, shemeji. Umetoka mbali."

"Haya basi," Selmer alisema, na sauti yake ilikwaruza. Borghild akampakulia hadi samaki akafunika maua ya sahani.

Alma alikuwa nyuma yake na viazi, ameona yote. Alisimama kidogo, bakuli limemwelemea kifuani. Kisha akamwinamia seneta. "Viazi?"

Mtu asiyelelewa kwetu angesema ndiyo mara moja na kuokoka. Lunde hakuweza. Watu mia tatu walikuwa wanamtazama, na kukubali mara ya kwanza ni kuwa kama yule mchuuzi wa mashine. "Baadaye kidogo, Bi Alma," alisema. "Wape wengine."

"Haya," Alma alisema, akapita.

Kina mama wa nyuma hawakuhitaji kuambiwa. Ulipita mkate, zikapita njegere, ikapita siagi. Kila mmoja alimuuliza mara moja, kwa upole kabisa, na kila mmoja alimwamini alipokataa. Adabu yake mwenyewe ilimzingira pande zote. Ukumbi mzima ulikuwa unatafuna isipokuwa yeye.

Borghild aliporudi na sinia jipya, Lunde alimnong'oneza bila kuacha tabasamu. "Borghild. Umenisahau."

"Nilikuuliza, Halvor."

"Mara moja!"

"Wewe hukutuuliza hata hiyo moja," alisema, akaliweka sinia mezani mbele ya Selmer na kwenda kuchukua siagi.

"Seneta," mpiga picha aliita, "tupe moja unakula."

Crane akamgusa bega. Labda ilikuwa hasira, labda njaa, labda alikuwa amezoea sasa kujichukulia. Halvor Lunde, aliyejua kukataa kuliko mtu yeyote katika wilaya nne, alinyoosha mkono mbele ya kifua cha Selmer, akaushika mwiko na kujipakulia mwenyewe. Vipande viwili. Taa ikawaka.

Mtoto mmoja aliyekuwa akinyoosha mkono kwenye mkate aliurudisha haraka.

Novemba Lunde alianguka kwenye kura. Magazeti ya mji mkuu yaliandika kurasa nzima kuhusu bei ya ngano na kura za kusini. Waandike. Ile picha ilikuwa imetoka ukurasa wa mbele bila neno la kejeli hata moja, maana mhariri hakuona kitu ndani yake. Watu wetu wa wilaya nne walikiona. Daraja hatukupata mwaka ule, wala uliofuata.

Lakini jioni ile ya karamu hatukuwa tumefika huko bado. Gari la seneta liliondoka mapema, na Borghild alikuwa na mikono ndani ya maji ya moto, anasugua masinia, mlango wa jiko ulipofunguka akaingia Selmer. Wanaume hawaingii jikoni mle. Selmer alichukua kitambaa kwenye msumari, akaanza kukausha sinia ambalo lilikuwa tayari kavu.

"Februari ile," alisema. "Nilikuwa kwenye laini."

Mwanamke mmoja aliangusha kijiko. Hakuna aliyewahi kulisema neno hilo kwa sauti, Elvedal nzima.

"Najua," Borghild alisema. "Unapumua kama ng'ombe mwenye mafua."

"Nilikusikia ukimwambia tutaona."

"Ehe."

"Nilijua maana yake, shemeji. Nilijua kabisa. Halafu redio ikasema vile, nikaiamini redio." Aligeuza sinia, akalikausha upande wa pili. Alma, kwenye kona, alikuwa amefunika uso kwa aproni.

Borghild hakumtajia ile nakala iliyokuwa ndani ya Biblia. Alipangusa mikono, akachukua birika la zamani la buluu kutoka juu ya jiko, lile lililobanduka rangi mdomoni, na kikombe.

"Kahawa, shemeji?"

"Aa, hapana," Selmer alisema, akitazama sakafu. "Usijisumbue."

"Una maili kumi na tisa za kuzunguka," Borghild alisema. "Kahawa?"